Pumzi za Daktari

Saa mbili na robo asubuhi, ikiwa imebaki saa moja na dakika arobaini na tano kabla ya majaribio, mtengeneza milio alivaa vipokea sauti, akafumba macho, akamsikiliza kaka yake akizungumza. Kaka yake mwenyewe alikuwa ameketi kando yake, kafunga mdomo.

Katika kituo kile cha redio kila mtu alimwita Kokoto, kwa sababu ya sinia la kokoto alilokanyaga kila mara mhusika wa mchezo alipohitaji kutembea nje. Mhusika akiwa ndani ya nyumba, alikanyaga ubao. Akiwa kwenye tope, taulo lililoloweshwa. Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha milio, na kwa miaka kumi na tisa hakuna kipindi cha mchezo kilichokwenda hewani kabla hajakitia saini. Kaka yake naye aliitwa Daktari. Hakusomea udaktari hata siku moja. Aliigiza mganga mkuu wa zahanati katika mchezo huo, na wasikilizaji walimzoea kiasi kwamba wengine walimsimamisha njiani wakamwonyesha vipele.

Miezi minane iliyopita madaktari wa kweli walikuwa wamemwondolea zoloto, kile kisanduku cha sauti kilichomo kooni, kwa sababu ya saratani. Sasa alipumua kupitia tundu shingoni, lililofunikwa kwa kitambaa chepesi, na neno alilotaka kusema aliliandika kwenye ubao mdogo mweupe aliouning'iniza kifuani. Katika mchezo, mwandishi alikuwa amempeleka masomoni nchi za mbali ili kuvuta muda. Muda ulikuwa umevutika hadi ukakatika, na kipindi cha mazishi yake kilikwisha kuandikwa.

Kilichobaki kati ya Daktari na mazishi hayo kilikuwa kompyuta. Mhandisi, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, alikuwa ameilisha vipindi elfu moja na mia moja vya zamani, mpaka ikaweza kusoma maandishi yoyote mapya kwa sauti ya Daktari. Saa nne wasikilizaji kumi na wawili wa tangu enzi za mwanzo wangewekewa kipindi kipya chenye sehemu mbili. Habari za kompyuta hawakuambiwa. Mwisho wa kila sehemu wangeandika kwenye karatasi ni mhusika gani, kama yupo, ambaye hakuwa sawa. Mwongozaji wa mchezo alikuwa ameweka mpaka: Daktari akitajwa na zaidi ya watu watatu katika sehemu yoyote ile, atazikwa.

Kokoto hakuupenda mpango huo tangu siku ya kwanza, wala hakumung'unya maneno. Alimwambia mwongozaji kwamba kuifanyisha kazi sauti isiyo na koo ni kumvisha maiti suti na kumpeleka ofisini. Mwongozaji akamjibu kwamba mwenye sauti yu hai na ameridhia kwa mkono wake. Ilikuwa kweli. Daktari alitia saini siku ile ile, na chini ya saini akaandika kwa herufi kubwa: NATAKA KAZI YANGU. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba hataisikiliza sauti hiyo kabla ya wasikilizaji wenyewe.

Dakika ya pili ya sehemu ya kwanza, Kokoto alifumbua macho.

Daktari wa kwenye kompyuta alikuwa anamkemea mgonjwa anayechanganya dawa. Katikati ya sentensi, baada tu ya neno "usije", alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi yake kabisa, pamoja na ule mkwaruzo mdogo wa mwisho. Ila hapakuwa na sababu ya kuivuta pale. Kokoto alisikiliza mbele, akaipata nyingine, kisha nyingine. Ziliachana kwa sekunde arobaini na kitu, kila mara, iwe mgonjwa anakemewa au anabembelezwa.

Aliinuka, akatoa kabatini maandishi ya kipindi kimoja cha zamani, akahesabu mistari ya ukurasa. Kumi na minne: sekunde arobaini na kitu za kusoma.

Hapo akaelewa. Waigizaji walisoma mbele ya kipaza sauti wakiwa wameshika karatasi, na karatasi ikigeuzwa hutoa mlio. Ni yeye aliyemfundisha kaka yake, mwaka wa kwanza, avute pumzi papo hapo anapogeuza, ili pumzi ifunike mlio. Daktari akaimudu hila hiyo mpaka ikawa sehemu ya uigizaji: kila ukurasa ulipokwisha aliifanya pumzi iwe hasira, au huruma, au kusita kwa mtu mwenye habari mbaya. Kompyuta ilisikia jambo hilo maelfu ya mara, ikachukua pumzi, ikaacha sababu. Sasa ilikuwa inageuza karatasi ambazo hazikuwepo.

Mhandisi asingeweza kulijua hilo. Asiyewahi kusimama pale na karatasi mkononi asingelijua. Katika jengo zima waliojua walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa hajasikia.

Daktari alimgusa bega, akaandika: VIPI?

"Safi," alisema Kokoto.

Lilikuwa neno la kwanza la uongo kumwambia kuhusu sauti. Mhandisi naye alipomuuliza kama pana kasoro, alimjibu waendelee tu, akatia saini kwenye fomu ya ukaguzi. Alijitetea moyoni kwamba wasikilizaji wana masikio, na kama kitu ni kibovu watakigundua wenyewe. Hesabu hiyo ilikuwa na tundu, na aliliona: yeye alikuwepo pale ili kitu kibovu kisiwafikie.

Saa nne kamili wasikilizaji waliketi upande wa pili wa kioo. Alikuwepo fundi cherehani aliyeleta daftari lake mwenyewe, mwalimu mstaafu, msusi na binti yake, na wengineo. Kokoto, Daktari, mhandisi na mwongozaji walikaa upande wa mitambo, taa zimepunguzwa. Kipindi kikaanza. Sauti ya Daktari ilipoingia, msusi alimfinya binti yake kwa furaha, na mwongozaji akashusha pumzi.

Kisha ikaja pumzi ya kwanza. Mwalimu mstaafu aliinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Kwenye pumzi ya pili fundi cherehani aliacha kutafuna. Kokoto alikuwa akiwatazama hao, ndiyo maana alichelewa kuuona mkono wa kaka yake.

Mkono wa kulia wa Daktari ulikuwa juu ya goti. Kila pumzi ilipopita, kidole gumba na cha shahada viliinuka, vikashika hewa, vikageuza. Mara ya kwanza hakujua kama vimefanya hivyo. Mara ya tatu aliinama akautazama mkono wake. Mara ya nne aliuzuia kwa mkono wa kushoto, akageuka polepole, akamtazama dada yake usoni mpaka sehemu ya kwanza ilipokwisha. Kokoto alitazama kioo.

Karatasi zilikusanywa. Saba zilimtaja Daktari. Fundi cherehani alikuwa ameandika: *Huyu bwana kifua kinambana, mpelekeni hospitali.* Mwongozaji aliisoma mara mbili, akaiweka mezani. Alisema sehemu ya pili wataisikiliza kwa heshima ya wageni, baada ya chai ya robo saa, lakini mambo wameyaona wenyewe. Akaenda kuwasalimia.

Daktari alifunga mlango. Akaandika neno moja: ULIJUA.

"Nilijua."

LINI?

"Tangu asubuhi."

Alifuta ubao kwa mkono wa shati. Kokoto, ambaye alikuwa na siku nyingi za kujiandaa kwa mabishano haya, alijikuta anaongea haraka kuliko alivyotaka. "Kaka, ile si wewe. Wewe uko hapa. Kile ni kidude kimeokota makombo yako, kinataka tukipigie makofi. Mimi nimeshakuzoea ulivyo. Kwa nini wewe hujizoei?"

Daktari aliandika kwa muda mrefu, kalamu ikilia juu ya ubao. Kisha akamgeuzia.

MIAKA 19 UMETEMBEA BADALA YANGU. WATU WANAIJUA MIGUU YA DAKTARI. NI MIGUU YA NANI?

Mhandisi aliacha kujifanya anatazama nyaya. Kokoto alitafuta jibu, na alikuwa mtu asiyekubali jibu kwa sababu tu linampendeza. Wasikilizaji waliwahi kuandika barua kuusifu mwendo wa Daktari, kwamba ni wa mtu mwenye huruma. Mwendo huo ulikuwa wake, juu ya sinia, na viatu vya kuazima. Hakuna aliyesema kwamba mtu ameibiwa miguu.

"Nilikuwa nakutazama," alisema mwishowe. "Ulivyosimama, ulivyosema. Nilitembea kwa kukutazama."

Daktari akaandika: BASI NITAZAME.

Zilibaki dakika kumi na moja. Daktari alichukua maandishi ya sehemu ya pili, akasimama mbele ya kipaza sauti kilichozimwa, akaanza kuigiza bila sauti, midomo ikitamka kila neno. Kurasa alizozimaliza alizidondosha sakafuni asipoteze muda kuzigeuza. Mara kwa mara kitambaa cha shingoni kilinyonywa ndani, kisha kikatulia. Hapo ndipo alipopumua. Kokoto hakukiondolea macho.

"Hiyo baada ya 'mama' ifute," alimwambia mhandisi. "Ifute na hii. Sasa weka moja kabla ya 'lakini'. Ndefu zaidi. Hapana, hiyo ni ya mtu aliyepanda ngazi, nipe ile ya huzuni. Hapo. Acha."

"Dada mkubwa, polepole, vidole vyangu viwili tu ndivyo vinavyojua kazi."

"Na mimi masikio yangu mawili tu. Twende."

Walipofika ukurasa wa mwisho mwongozaji aligonga kioo kuonyesha saa. Pumzi tatu zilibaki hazijaguswa. Kokoto alizifuta zote kwa mkupuo, akiona heri mtu asiyepumua kuliko anayepumua ovyo, na mhandisi akaruhusu sauti iende.

Sehemu ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza: Daktari anamweleza mama kwamba mtoto wake hataona tena. Kokoto aliushika ukingo wa kiti. Kabla ya "lakini" ikaja ile pumzi ndefu, na upande wa pili wa kioo hakuna aliyeinamisha kichwa. Msusi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mkono wa Daktari ulibaki juu ya goti, umetulia.

Karatasi moja tu ilimtaja, ya fundi cherehani. *Naona amepata nafuu.*

Mhandisi alicheka. Mwongozaji hakucheka. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake haikupinda hata pale alipotamani ipinde. Alisema hawezi kuisahau saba kwa sababu ya moja. Aliweka mpaka wa sehemu yoyote, na sehemu ya kwanza imeuvuka. Akachukua fomu ya ukaguzi ili aiambatanishe na uamuzi wake. Daktari alikuwa ameshika kalamu, lakini hakuandika kitu. Alichokijua kuhusu asubuhi ile kingemwokoa, naye hakutaka kukitumia.

"Jaribio hilo halifai," alisema Kokoto. "Kasoro niliisikia saa mbili na robo. Nikanyamaza, nikatia saini. Nilitaka lishindwe."

Mwongozaji aliitazama saini, kisha akamtazama yeye. Alimuuliza kama anaelewa anachokisema, naye akasema anaelewa. Mwongozaji akasema, bila hasira, kwamba jaribio litarudiwa Ijumaa kwa wasikilizaji wengine na sehemu zote mbili zikiwa zimerekebishwa. Kuhusu saini ya Kokoto, haitahesabika tena katika kituo kile, si kwa mchezo huu wala kwa mwingine. Ukuu wa chumba cha milio atapewa mtu mwingine kesho. Kama mhandisi anahitaji masikio yake, ayatumie, ila mwenye kauli ya mwisho atakuwa huyo mwingine.

Kokoto alitoa funguo za kabati mfukoni, akaziweka juu ya fomu. Aligeuka atoke, akakuta kaka yake amesimama mlangoni na maandishi ya sehemu ya kwanza kwapani, ubao ameuinua.

BADO NINA HASIRA. KETI TUANZE.

Kokoto akavuta kiti.