Tanuru Linalokula Kivuli

Uliliona. Usiseme hukuliona. Lori la Badiru mchukuzi lilipita soko la Kikorongo mchana kweupe, limejaa magogo yanayovuja utomvu, nawe ukageuza uso ukaendelea kuchagua samaki. Na kile kiwanda cha kukausha kahawa pale Kasese kilipong'oa vichomeo vya gesi na kujenga tanuru la kuni, ulisimama getini ukapiga makofi. Gesi ni ghali, walisema, gesi inachafua hewa, lakini mti ukikatwa unaota mwingine. Hukuuliza ni mti upi, wala wa nani. Baba zako nao walipiga makofi hivyohivyo, matanuru ya chokaa yalipomaliza mivule ya bondeni. Nenda ukalitazame bonde lile leo.

Kaswera hakupiga makofi. Alikimbia vita Beni, ng'ambo ya mpaka, akakodi shamba la kahawa mlimani juu ya Bwera. Walipatana na mwenye ardhi, Kiiza: kahawa ya Kaswera, miti ya kivuli ya Kiiza. Kiiza akaiuza kiwandani, mmoja baada ya mwingine, na kahawa iliyoachwa juani ikakauka imesimama. Ukabaki mtoma mmoja, ule mti ambao gome lake hupondwa likawa nguo. Chini yake tu ndiko kahawa ilikuwa bado na majani mabichi. Mtoma huo ukianguka, Kaswera hana mavuno, na mpangaji asiye na mavuno hufungasha.

Alhamisi asubuhi alisikia lori linapanda. Akatupa jembe, akakimbia, akabandika mgongo kwenye shina.

"Mama Kaswera, toka hapo," Badiru alisema, msumeno wa injini mkononi. "Mti si mume wako."

"Bwana yangu alikuwa na makelele. Hii inanyamaza na inanifunika. Afazali hii."

Wapakiaji wakacheka. Badiru naye alitabasamu, lakini akavuta kamba, msumeno ukanguruma.

"Badiru! Kahawa yangu ni nani anabebaka?"

"Ni mimi."

"Na kiwanda inakausha nini?"

"Kahawa."

"Sasa munaua kahawa juu ya kukausha kahawa? Muko na akili kweli?"

"Mambo ya akili uliza wakubwa. Mimi niko wa gari tu. Toka, ama nikate na wewe."

"Kata! Kesho ni Ijumaa, utaeleza pale musikiti."

Meno ya msumeno yaligusa gome. Unga wa mti ukamwingia Kaswera shingoni, lakini mgongo haukubanduka. Ndipo akamkumbuka bibi Resty, mama yake Kiiza, ambaye haamki tena kitandani, na lile neno alilomwambia mwanawe mbele ya watu: sanda yangu itoke kwenye mtoma wa ardhi yetu.

"Pigia Kiiza simu!" akapaza sauti. "Muulize mama yake atazikwa na nini!"

Badiru akazima msumeno. Kwao mtu huzikwa na sanda nyeupe, lakini sanda ya mwenzako huichezei. Akapiga simu, akaweka sauti ya nje. Kiiza akakohoa.

"Basi ngojeni. Kesho nitabandua gome la mama. Jumamosi mkate."

Simu ikakatika.

"Umesikia, mama," Badiru alisema bila kumtazama. "Mimi nimejaribu."

"Haujajaribu. Umengoja tu."

Lori likashuka tupu.

Leo Ijumaa Kiiza amebandua gome, akaenda zake. Kaswera amelifunga shina lililo uchi kwa majani ya migomba, kama unavyofungwa mtoma unaotarajiwa kuota gome jipya. Ameketi chini yake, hajala.

Usimpelekee pole. Panda boda, fika mlimani juu ya Bwera kesho kabla jua halijachomoza, umshike mkono mlizunguke shina lile. Na wewe unayelisha tanuru pale Kasese, kesho usiliwashe. Lori litakuja. Safari hii usigeuze uso: inuka, njoo.