Karatasi Mbili na Kidato cha Tisa

Nyumba ya Maalim Mbwana pale Takaungu ina ngazi ya vidato kumi na saba, na kwa miaka arubaini na sita alivipanda akinusa udi. Marehemu mkewe, Bi Zuhura, alikuwa akiweka chetezo kwenye kidato cha tisa kila alasiri, ati moshi ugawanyike kwa uadilifu, nusu juu na nusu chini. Chetezo kingali pale pale, hakina kaa. Maalim hakuruhusu mtu akiondoe, na kila apitapo hugusa ukingo wake kwa kidole, kama anayebisha hodi.

Mwezi wa Shaabani akateleza ngazini. Hakuvunjika kitu, lakini bintiye Kabibi, akaaye Mtwapa, alifika akiwa amekwisha kukata shauri: baba apimwe usawa wa mwili na madaktari wa mazoezi mjini Kilifi, akishindwa, nyumba ifungwe, ahamie kwake.

Aliyempima ni Nduku, binti mpole wa kutoka Machakos. Kulikuwa na mitihani kumi na minne: kuinuka kitini bila kujishika, kusimama macho yamefumbwa, kuokota kubadhi sakafuni, na mengine ya namna hiyo. Akapata thelathini na nne katika hamsini na sita, na aliye chini ya arubaini na tano huhesabiwa yu hatarini kuanguka. Kabibi akaanza kukusanya maboksi. Siku tisa baadaye, Nduku akiwa likizoni, Maalim akaomba kupimwa tena. Safari hii aliyempima ni Laban, kijana wa Junju. Arubaini na tisa.

"Baba, miguu ni ile ile," alisema Kabibi. "Nimwamini nani?"

Maalim, aliyesomesha elimu ya hadithi za Mtume msikitini kwa nusu ya umri wake, alitabasamu. "Wapokezi wawili wa hadithi moja wakihitilafiana, mwanangu, huulizi kwanza nani mwongo. Wauliza kila mmoja alikuwa na hali gani siku ile."

Basi Jumatano wakarudi Kilifi, madaktari wote wawili wakiwa kazini.

"Shikamoo, Maalim," alisema Nduku.

"Marahaba, binti yangu. Nimekuja kuwagombanisha."

"Tushagombana," alicheka Laban. "Ananiambia nagawa alama kama tende za Ramadhani."

Nduku akamsimamisha Maalim, akanyoosha mkono karibu na kiwiko chake kilicho wazi, kama walivyofundishwa, asije akaanguka. Mara Maalim akayumba, akarudi nyuma hatua nzima.

"Umeona?" Nduku akamgeukia Laban. "Hata sijaanza."

Kabibi alimtazama babake kwa makini. "Baba, una udhu?"

"Tangu nyumbani. Adhuhuri itatukuta njiani."

Kabibi akajishika kichwa. Akamweleza Nduku kwamba kwa madhehebu yao, mwanamke asiye maharimu, yaani si mama, dada wala binti yake, akimgusa mwanamume ngozi kwa ngozi, udhu hutenguka. Baba alikuwa akiukwepa mkono, hakuwa akianguka.

"Kumbe mzee alikuwa ananikimbia mimi!" Nduku alicheka hadi akajifuta machozi. "Si ungeniambia?"

"Niliona haya kumtia haya mtoto wa watu."

Moyo wa Maalim ukatua. Alikwisha kujiona ngazini kwake. Lakini Laban hakuwa akicheka.

"Mimi nami nina langu," alisema, akiikunjakunja karatasi yake. "Kusimama kwa mguu mmoja, na kukanyaga kigoda kwa zamu, sikumpima sawasawa. Ni rika la babu yangu. Nilipomwona anatafuta ukuta, niligeuza uso, nikamwandikia zote."

"Mpokezi dhaifu," alisema Maalim kwa upole, "na udhaifu wake ni mapenzi."

Wakapima upya. Kabibi alisimama ubavuni kwa babake kumkinga. Nduku huku, Laban kule, kila mmoja na karatasi yake, hakuna kuchunguliana. Ilipofika zamu ya mguu mmoja, Maalim aliinua wa kulia, na papo hapo akajikumbuka akipanda na gunia la mchele begani, Zuhura akimpigia kelele kutoka kidato cha tisa, "Bwana we, usinimwagie makaa!" Alihesabu moja, mbili, akamshika bintiye. Kwenye kigoda mguu wa kushoto ulikwama ukingoni, na mara ya pili ukakwama tena.

Karatasi zikawekwa mezani. Arubaini na tatu. Arubaini na tatu.

"Sasa wameafikiana," alisema Maalim. "Sina pa kutokea."

"Penye sakafu sawa anakwenda vizuri, dada," Nduku akamwambia Kabibi. "Kinachonitisha ni ngazi."

Maalim akavuta pumzi. "Basi ngazi nimeiacha. Nitalala chumba cha wageni, chini. Lakini nyumba isifungwe, Kabibi."

"Na mtu wa kukaa nawe?"

"Mlete umtakaye."

"Na nikisikia umepanda hata mara moja, baba..."

"Hiyo moja utanipa leo."

Alasiri ile walipanda pamoja hadi kidato cha tisa, wakaishia hapo. Maalim alimpa bintiye mkono wa kushoto amshike barabara, na kwa wa kulia akainama akakiokota chetezo. Wakateremka polepole. Kabibi hakumwachia mpaka sakafuni. Mkono wa binti hautengui udhu. Maalim alisali alasiri yake bila kutawadha tena, kisha akauliza kama dukani makaa yapo.