Mbao Hunywa Hewa

Mkwe wangu alishuka kwenye basi katikati ya msimu wa joto, akaja moja kwa moja karakanani, akapangusa paji la uso na kulikuta kavu. Akautazama mkono wake kama mtu aliyeibiwa.

"Mkwe," akaniambia hata kabla ya salamu kwisha, "joto lenu ni la kinafiki. Linachoma mtu huku limenyamaza."

Nikisema mkwe, ni baba wa kijana aliyemwoa binti yangu. Ni seremala kama mimi, ila mimi nimezeekea huku juu kwenye joto kavu, na yeye kwao bondeni kwenye joto la majimaji. Siku ya harusi tulikubaliana kwamba zawadi ya watoto tutaitengeneza pamoja: kabati moja la droo, kazi ya baba wawili. Sasa alikuwa ametimiza ahadi, tena amekuja na randa yake mwenyewe ameiviringisha kwenye taulo. Sikushangaa. Randa ni kama mswaki, huazimi ya mwenzako.

"Afadhali hili linalonyamaza," nilimjibu. "La kwenu linakumbatia watu bila kuombwa."

Wala sikumsingizia. Nilikwenda kwao kwa ajili ya harusi, na hadi leo nikikumbuka nahisi shati limenigandia mgongoni. Unaoga, unajifuta, na kabla hujavaa unatamani kuoga tena. Taulo la jana bado bichi. Chumvi haitoki kichupani mpaka uichokonoe kwa kijiti, na kiberiti ukikisugua kinakutazama tu. Niliona watu wanatembea polepole nikadhani ni maringo, kumbe ni akili, maana ukiharakisha unalowa. Huku kwetu ukimaliza kuanika nguo ya mwisho, ya kwanza imeshakauka. Ukiingia kivulini unapumua. Usiku unavuta shuka. Nilimweleza yote hayo, naye akanisikiliza kwa adabu huku akipaka mafuta midomo iliyokwisha kupasuka.

Kesho yake asubuhi alitoka chumbani ameshika pua.

"Nimepenga nikaona damu," alisema. "Pua hii tumeishi nayo miaka yote bondeni, haijawahi kunigeuka."

Binti yangu alicheka hadi akakaa chini. Mtaa mzima unamwita Msasa, kwanza kwa sababu tangu utotoni kazi yake karakanani ni kupiga msasa na vanishi, halafu kwa sababu ya ulimi wake. Mama yake alipofariki alianza kushinda nami kazini, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona sababu ya kuacha. Hata baada ya kuolewa alikuja kila siku. Mumewe akienda kutengeneza mafriji ya watu, yeye huyo anafungua dirisha la karakana na kuanza kunigombeza kwa vumbi. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa pili. Nilimwona asubuhi, nilimwona jioni, na nilijiona tajiri.

Tuligawana kazi. Mkwe alichukua boma la kabati, yaani kiunzi chake cha nje, mimi nikachukua droo, kwa sababu droo ndizo zilizonipa jina mjini. Droo yangu haina mwanya. Ukiisukuma inaingia taratibu, kama mtu anayeketi akiwa ameshiba.

Mkwe aliijaribu ya kwanza. Akaivuta, akairudisha, akapitisha kidole ukingoni.

"Mikono yako haina mpinzani," alisema. "Lakini imebana mno."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Kwa huku, ndiyo. Lakini mbao hunywa hewa, mkwe. Haiongezeki urefu, inaongezeka upana. Droo hii ikikaa kwetu msimu mmoja itavimba, na siku ukitaka soksi utaitisha shoka. Sisi tunaacha mwanya, sarafu ipite."

"Kwani inakwenda kwenu?"

Nilisema kwa mzaha. Hakuna aliyecheka. Msasa alisimamisha mkono juu ya mbao, na mkwe akaanza kutafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake.

"Baba," binti yangu akasema, "nilitaka tukwambie wawili, mimi na mwenzangu."

Akanieleza akiwa amesimama palepale. Mumewe alikuwa amepata chumba cha kazi jirani na wazazi wake. Bondeni unyevu unayala mafriji kwa kutu na hakuna anayelala bila feni, kwa hiyo fundi kama yeye hakosi wateja hata siku moja, si kama huku anakokaa akisubiri kuitwa. Walikuwa wahame joto likianza kupungua.

Damu ilinichemka. "Kwa hiyo mumeo anajua, mkwe wangu anajua, pengine na paka wa jirani anajua. Mimi ndiye wa mwisho!"

"Haki ya nani, nilidhani umeshaambiwa," mkwe alisema. "Nisingefumbua mdomo." Akatoka akakaa barazani, kwenye joto lilelile alilokuwa akilikimbia, na sikumwita arudi.

Sasa sikilizeni hesabu ya seremala mwenye hasira. Kabati lisiloweza kuishi bondeni haliwezi kuhamia bondeni. Msasa hawezi kuliacha kabati la baba wawili. Basi Msasa haendi. Niliiona hesabu hiyo imekamilika kabisa. Nikachagua mbao kavu kuliko zote, zile zilizokaa chini ya bati mpaka zinalia ukizigonga, na droo zilizobaki nikazibana hata unywele usingepita. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Mkwe aliporudi alizitazama, akanitazama mimi, akaendelea kupaka gundi kwenye miguu ya kabati.

Msasa alifika asubuhi iliyofuata akavuta droo moja, akavuta ya pili. Amekulia ndani ya droo zangu, humdanganyi.

"Umezibana makusudi."

"Ndivyo ninavyotengeneza."

"Sawa. Nitalichukua hivihivi. Likivimba lisifunguke, nitaliweka sebuleni. Wageni wakiuliza, nitawaambia baba yangu hakupenda niwe na pa kuweka nguo."

Ulimi huo. Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa ameketi kwenye benchi la kazi, na makali ya ulimi yalikuwa yamemwishia.

"Unadhani siliogopi joto lile?" akasema. "Tulipokwenda kuwasalimia nilikuwa naamka shingo imelowa, hewa nzito, naona kama mtu amenifunika blanketi bichi. Nikauliza wanawake wa kule watu wanazoeaje. Wakasema huzoei, unapunguza tu mwendo. Nampenda mume wangu, Baba, nitapunguza mwendo. Lakini usiku wa kwanza nikiwa kule nimechoka, nimelowa, sijui hata jirani anaitwa nani, nikivuta droo uliyoitengeneza wewe nayo ikanikatalia... hapo ndipo nitakapolia."

Nilikuwa nimejiona namfungia mlango wa kutokea, kumbe namfungia wa nyumbani kwake mwenyewe. Niliona aibu, tena mbele ya mtoto niliyemfundisha kushika brashi. Nikatoka nje. Mkwe alikuwa barazani na kikombe cha maji, cha kumi pengine, maana alikuwa amegundua kwamba huku mtu hukauka bila kuarifiwa.

"Sarafu yenyewe," nikamuuliza shingo upande, "ya unene gani?"

Hakutabasamu, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alitia mkono mfukoni akanipa moja.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Niliipeleka randa juu ya kingo za droo zangu nzuri, na mkwe akasimama pembeni na sarafu yake.

"Bado," alisema.

Nikaranda tena.

"Bado kidogo."

Kila "bado" ilinikata. Nilikuwa natoa kwa mkono wangu kile nilichojifunza maisha yangu yote kukibakiza. Msasa alifagia maranda, kisha akaanza kupiga vanishi, ndani na nje, kila upande, kwa sababu baba mkwe wake alimwambia kwamba bondeni hewa huingia hata mgongoni mwa kabati. Wazee wawili tulibishana kuhusu vishikio, kuhusu gundi, kuhusu kama joto la kuoka ni afadhali kuliko joto la kuchemsha. Hatukuelewana. Kazi ikaisha vizuri.

Tulilitoa kabati barazani likauke. Hapo ndipo alipovuka barabara jirani yangu, mama mwenye duka la vitambaa, mteja wangu wa zamani ambaye kazi yangu anaijua kama sura ya mumewe. Alivuta droo ya juu. Ikacheza kushoto, ikacheza kulia, ikagonga ukutani mwa boma.

"Fundi!" akasema, na wapita njia wawili wakageuka. "Hii ni kazi yako? Mbona inalegea kama jino la mtoto? Umezeeka?"

Mkwe alifumbua mdomo anitetee. Nikamwinulia mkono.

"Imelegezwa makusudi," nilisema. "Binti yangu anahamia bondeni. Kule mbao hunywa hewa."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka kwa mdomo wangu mwenyewe, tena barazani, mchana kweupe. Jirani aliirudisha droo polepole.

"Msasa anahama?" akauliza kwa sauti nyingine. "Na wewe, fundi?"

"Mimi nabaki. Nitalia, jirani, sikufichi. Na huku kwetu hata jasho halipo la kusingizia."

Binti yangu alikuwa mlangoni na brashi mkononi, akasikia kila neno. Akaiweka brashi chini, akaja kusimama kando yangu.