Matembezi ya Wenye Kikohozi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Mereseini alikuwa amekwisha kupasua kuni, akajaza muhogo masufuria matatu, akainjika birika kubwa la majani ya mlimau. Wanafunzi mia mbili wa bweni walitaka chakula saa moja. Gesi ilikuwa ghali, shule haikuwahi kuacha kuni, na kuni za mwezi ule zilikuwa mbichi. Moshi ulitanda mpaka ukuta wa pili haukuonekana. Alikohoa, akatoka mlangoni kutema, akarudi kwenye masufuria yake.

Mumewe Jope, fundi wa matanuri kiwandani, pale panaposagwa miwa, alikufa mwaka uliopita kwa saratani ya mapafu. Kwa miezi saba alipewa dawa ya kikohozi, kisha dawa ya kifua kikuu. Siku alipopigwa picha ya kwanza, daktari aliitazama, halafu akatazama sakafu. Baada ya matanga Mereseini alikwenda kanisani, akaenda hekaluni, akaenda msikitini, na kote alisema jambo moja: kikohozi kikipita wiki tatu, usikizoee. Leo, Jumamosi, ilikuwa siku ya matembezi. Wangetoka sokoni, wapite barabara kuu mpaka uwanja wa raga, wakute gari la eksirei waliloahidiwa kutoka mji mkuu, Suva.

Saa tatu walikuwa watu kama sitini: akina mama wa kanisa wamevaa nyeupe, wanawake wa hekaluni, wanaume wa kiwandani waliotoka zamu ya usiku. Kamla Wati, muuza roti, zile chapati za Kihindi, alikuwa ameandika bango kwenye shuka lake la kitanda. Binamu yake Mereseini, Inia, ambaye ni mtani wake tangu utotoni, alikuja na msokoto wa suki, tumbaku ya kienyeji, umekaa nyuma ya sikio.

"Mere, umetuita kututangazia kwamba tutakufa? Mimi mama mkwe wangu hunikumbusha kila siku."

"Wewe hufi. Huko nani atakutaka? Shika bango."

Walikuwa wanajipanga alipokuja Bwana Apakuki, karani wa baraza la mji, na karatasi mkononi.

"Mama, samahani. Barabara kuu imefungwa. Kuna msafara wa timu ya raga."

"Kibali mliniandikia wenyewe, wiki tatu zilizopita."

"Kimefutwa jana jioni. Lakini mnaweza kutembea ndani ya uwanja. Mnazunguka."

"Tunazunguka?"

"Mara nyingi mpendavyo."

Kabla Mereseini hajamjibu, teksi ikasimama. Nesi Litia wa zahanati alishuka peke yake na maboksi mawili.

"Gari haliji, dada Mere," alisema kwa sauti ya chini. "Mashine imeharibika. Nimepewa hivi tu."

Vilikuwa vipeperushi. Watu walipewa kimoja kimoja. Inia aliinua chake, akakisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Ukikohoa zaidi ya wiki tatu, muone daktari mapema." Watu walicheka. Yeye akakisoma tena, kimoyomoyo, na utani ukamtoka usoni.

"Nesi, mimi nimekwenda mara nne tangu Pasaka. Nimepewa chupa nne za dawa, tamu kama jemu. Mapema iliyobaki ni ipi?"

Inia alikohoa kwenye leso, akaikunja haraka akaitia mfukoni, lakini Mereseini alikuwa ameiona damu. Hasira ikampanda.

"Tunakwenda hospitali," alisema.

"Lini?" Kamla aliuliza.

"Sasa hivi. Wote."

Bwana Apakuki alisimama mbele yake. "Mama, hayo sasa ni maandamano. Kibali huna."

"Hawa ni wagonjwa, mwanangu. Ulisikia wapi mtu akaombewa kibali cha kwenda kutibiwa?"

Bwana Apakuki aliisoma tena karatasi yake. Wakampita.

Walifuata njia ya nyuma, kando ya reli ya miwa, polepole kwa sababu ya wazee. Hospitalini karani wa dirishani aliinua kichwa, akawaona wanavyozidi kuingia.

"Eksirei ni Jumanne," alisema. "Na lazima barua ya daktari."

"Daktari yupo?"

"Yupo, ila ni wa dharura tu."

"Basi tutamngoja."

Wakakaa. Mabenchi yalijaa, sakafu ikajaa, baraza nayo ikajaa. Litia alisimama mlangoni na sare yake, akijua Jumatatu ataitwa kujieleza. Baadaye alisogea katikati, akafungua boksi, akaanza kueleza: dalili ni hizi, suki si dawa ya uchovu, moshi wa kuni nao unadhuru mapafu. Hata waliokuja kufunga vidonda walisogea wakasikiliza.

Daktari alitoka, msichana mwenye macho ya kukesha. "Nani amewaleta?"

"Kipeperushi, daktari," Inia alisema.

Daktari hakucheka, wala hakuwafukuza. Alishika kifaa chake, akaanza kusikiliza vifua, mmoja baada ya mwingine, hadi saa tisa. Watu tisa waliandikiwa barua za Jumanne, Inia wa kwanza. Waliobaki aliwaelekeza dirishani wajaze fomu ya uchunguzi wa mapafu, waitwe Februari.

Kwa daktari Mereseini alikuwa amewasukuma wenzake wote mbele. Dirishani alifika baada ya wanaume, wa kwanza katika wanawake.

"Unavuta sigara au suki?" karani aliuliza.

"Hapana."

"Basi huingii. Fomu hii ni ya wavutaji."

"Napika kwa kuni miaka ishirini na sita. Nakohoa tangu Julai."

Kamla aligeuka akamtazama. Hilo hakuwahi kuambiwa.

"Hakuna mahali pa kuandika kuni, mama."

"Andika pembeni."

"Pembeni hapasomwi."

"Wewe andika. Kusoma ni kazi yao."

Karani alimtazama, akatazama watu waliokuwa nyuma yake. Akaigeuza fomu kidogo, akaandika kwenye ukingo kwa herufi ndogo.

"Nisomee."

"'Moshi wa kuni. Miaka ishirini na sita. Kikohozi tangu Julai.'"

Mereseini alitia sahihi. Alipoondoka dirishani, kabla hajafika mlangoni, alimsikia Kamla, ambaye maisha yake yote hajawahi kugusa sigara, akivuta kiti.

"Mimi roti, kwa kuni. Miaka thelathini. Nami niandike pembeni."

Nyuma ya Kamla wanawake walikuwa wameanza kusimama.