Mti wa Tatu

Gwinyai Dhliwayo aliupiga mti wa tatu kwa mgongo wa panga, akasikiliza, akaupiga tena chini kidogo, na jibu alilolipata halikumpendeza hata kidogo. Miti miwili ya kwanza ilikuwa imetoa mlio mkavu wa kitu kilichojaa. Huu ulilia kama debe tupu.

"Mkwe," akaita Mzee Muyambo kutoka kwenye kigoda chake ng'ambo ya korongo, "mbona unabisha hodi? Unamtafuta nani humo ndani?"

Netsai, binti mdogo wa mzee, aliyekuwa akichochea moto wa sadza, ugali wa kwao, akaangua kicheko. Gwinyai naye akacheka, maana baba mkwe akitania, mkwe hucheka. Kisha akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akachungulia shina. Uyoga mgumu ulikuwa umeota pale chini kwa ngazi ngazi, na udongo uliouzunguka ulikuwa wa ungaunga. Mti ulikuwa umeoza moyo.

Hema walilotaka kulifunga kwenye miti hiyo lilikuwa la kuning'inia: pembe tatu, mikanda mitatu, miti mitatu, halafu unavuta kwa vikazio vya chuma vyenye meno mpaka sakafu inakaza na mtu analala hewani. Kazi hiyo Gwinyai aliijua. Kule Vumba aliwafanyia watalii kwa miaka, na ndiyo sababu mzee alimwita aje Chipinge: watazamaji wa ndege, wageni wake wa kwanza, walikuwa wanafika kesho. Mkwe akiitwa haulizi mshahara wala likizo. Anapanda gari, anakuja.

Tabu ni kwamba miti alikuta imeshachaguliwa. Mzee Muyambo alikuwa amefunga magogo kwenye malori ya kampuni ya mbao hadi akastaafu, na kuhusu mikanda hakuna aliyemfundisha kitu. Alitaka hema likae juu ya korongo, miti miwili upande huu na mmoja upande ule, ili mgeni akiamka aone mashamba ya chai na milima ya Msumbiji bila kuinua shingo. Chini ya hema palikuwa na mawe matupu.

Kule Vumba Gwinyai angesema neno moja tu, hapana, na watu wangehamisha mikanda. Hapa alikuwa mkwe. Neno zito kwa wakwe lina njia yake, nalo hupita kwa mshenga, na mshenga wao, Mzee Sithole, alikuwa msibani Espungabera, ng'ambo ya mpaka. Aliwahi kuiruka njia hiyo mara moja. Alimwambia baba mkwe mbele ya majirani kwamba fahali anayemnunua ni mgonjwa. Fahali alikufa kweli, lakini nani anamkumbuka fahali? Kilichokumbukwa ni mdomo wa mkwe. Mzee aliifunga nyumba yake kwa Gwinyai na kwa mkewe Yeukai pia, na wakati mshenga akienda na kurudi kuomba msamaha, bibi aliyemlea Yeukai alifariki. Yeukai hakumzika. Hakumlaumu mumewe hata siku moja, na hilo ndilo lililomuumiza Gwinyai zaidi.

Kwa hiyo alirudi upande wa pili, akachutama kando ya Netsai, akamnong'oneza. Shemeji mdogo anaruhusiwa mengi, hata kumwita mume wa dada yake mume.

"Shemeji, mwambie Baba mti wa kule ni mgonjwa."

"Mume wangu, wewe huna mdomo? Au dada yangu amekukataza kuutumia?"

"Netsai, sitanii."

Akamtazama usoni, utani ukamtoka. Akafuta mikono kwenye sketi, akaenda. "Baba, ule mti wa kule una uyoga. Naona haufai."

"Tangu lini umekuwa daktari wa miti?" Mzee hakugeuka hata. "Nani kakutuma?"

Netsai akamwangalia Gwinyai. Gwinyai akaangalia viatu vyake.

"Nimeona mwenyewe," akasema msichana.

"Basi nenda kaone na sadza, inaungua."

Akarudi kwenye chungu chake, na Gwinyai akaona aibu iliyomchoma hadi masikioni. Hata hivyo aliendelea kufunga. Alijipa moyo kwa ujuzi, kama mafundi wengi wanavyojidanganya: alitanguliza gunia kati ya mkanda na gome, akahakikisha mkanda haujajisokota, akavuta kila pembe kidogo kidogo kwa zamu ili asiuonee mti mmoja, akafunga mipini ya vikazio. Akajibwaga kwenye ukingo wa hema kwa uzito wake wote. Lilishika. Labda, akajiambia, labda litashika hadi wageni waondoke na mshenga arudi.

Ndipo Mama Muyambo alipotoka jikoni, mwanamke mnene wa kupendeza, kitambaa kichwani, kanga imefungwa barabara. Gwinyai akachutama akapiga makofi ya heshima, viganja vimenyooshwa. Mama mkwe naye akachutama mbali kule, akapiga ya kwake. Tangu Gwinyai amuoe Yeukai walikuwa wakisalimiana hivyo. Hawakuwahi kugusana hata ncha ya kidole, na maji aliyompa alikuwa akiyaweka chini, mkwe akayaokota.

"Hakuna mgeni atakayelala kwangu kwenye kitu ambacho mimi sijakilalia," alitangaza. "Netsai, nishike."

"Baba," akasema Gwinyai, macho chini, "naomba niingie mimi kwanza."

"Wewe? Wewe ni fito. Wageni wangu ni watu walioshiba. Mwache mama yako alipime kikweli."

Netsai akamsukuma mama yake ndani ya hema kutoka ukingoni, hema likayumba, mama akacheka kama mtoto, "Lo! Jamani, ninaelea!" Netsai akarudi mbio kwenye chungu. Na Gwinyai, mtu pekee pale aliyejua nini cha kutazama, akageuka akatazama mashamba ya chai. Mkwe hamtazami mama mkwe aliyelala. Ndiyo adabu, na adabu ile ilimfanya aipe mgongo mikanda yote mitatu.

"Mkwe!" akaita mzee. "Pembe ya kule inashuka. Mkanda umelegea, nenda kakaze."

Akalizunguka korongo mbio, uso kaupindisha pembeni. Mkanda mpya hulegea kidogo ukibebeshwa mtu, hilo ni la kawaida, lakini kule Vumba ilikuwa sheria: mtu anatoka kwanza, unakagua, ndipo unakaza. Aliushika mkanda. Haukuwa umelegea hata chembe. Ulikuwa mgumu kama chuma. Ni mti uliokuwa umesogea.

Akapita nyuma ya shina. Gome lilikuwa limepasuka kwa upana, na ndani ya ule mpasuko palionekana vumbi la kahawia badala ya mbao. Kila mama mkwe alipojigeuza kule hemani, ufa ulifunguka na kujifunga.

"Kaza basi! Unangoja nini?"

Mkono wa Gwinyai ulikuwa tayari juu ya mpini. Na ukavuta. Hadi leo hawezi kueleza kwa nini. Labda mkono una utii wake wenyewe. Jino moja likalia, na mti ukajibu kutoka ndani kabisa, mlio mzito ulioupitia mkono wake hadi begani.

"Hapana!" Sauti ilimtoka hata yeye akashtuka. "Mama, toka! Toka sasa hivi, mti umeoza!"

Kicheko hemani kikakatika. Mzee Muyambo akainuka kutoka kwenye kigoda chake. "Unamfokea nani wewe?"

Gwinyai hakuweza hata kulegeza mkanda, maana kuulegeza kungemtupa mama kwenye mawe. Alikimbia kulizunguka korongo, akateleza, akaamka, na nyuma yake mti ukalia tena. Alipofika ukingoni mama mkwe alikuwa amejiburuta hadi mlangoni mwa hema, miguu inaning'inia juu ya mawe, macho yamemtoka.

"Nipe mkono, Mama."

Mama mkwe akaurudisha mkono kifuani. Akarudisha yote miwili, akaifumbata kwenye kanga.

"Muite Netsai," akasema.

"Mama, mkono!"

"Nimesema muite Netsai!"

Netsai alikuwa ameshaanza kukimbia, lakini asingewahi. Mti ulipasuka kwa kishindo. Gwinyai akajitupa mbele, akamdaka mama mkwe kifundo cha mkono, akavuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Alisikia kitu kikiteguka chini ya vidole vyake, akasikia ukelele, kisha uzito wote wa yule mama ukamwangukia, wakabiringika pamoja kwenye majani. Mti wa tatu ukashuka korongoni na hema lote, na vumbi likapanda likawafunika.

Netsai alikuwa analia. Mzee Muyambo alikuja hadi ukingoni, akatazama chini, ambako shina lilikuwa limelala juu ya hema, tupu ndani kama bomba. Kofia yake akaivua, akaishika, hakujua pa kuiweka.

Mama mkwe akakaa. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba. Gwinyai alijivuta nyuma haraka, akachutama, akapiga makofi ya kuomba radhi.

"Acha," akasema mama mkwe. Alimtazama moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ulipougonga ule mti, ulijua?"

Angeweza kusema alishuku tu. "Nilijua, Mama."

"Na Netsai ni wewe uliyemtuma."

"Ni mimi."

"Mkwe alitaka..." Mzee akaanza.

"Wewe nyamaza, Baba Yeukai. Zamu yako inakuja." Hakuuondoa uso kwa Gwinyai. "Ulijua, na ukanipa mgongo nikapanda. Umeniheshimu mwanangu, nusura unizike."

Gwinyai akatazama kile kifundo kilichokuwa kinavimba.

"Sasa niambie hili moja, halafu nitaomba nipelekwe zahanati. Ningekufa hapa, ungefika kwako usiku wa leo. Yeukai angekuuliza, mama yangu amekufaje. Ungemwambia nini?"

Alifungua mdomo. Alimwona Yeukai mlangoni, mtoto mgongoni, akingoja jibu, na akajua kwamba jibu analo, ni fupi, na hakuna mke anayeweza kulisikia akabaki mkewe. Akafunika uso kwa viganja akalia mbele ya wakwe zake, na hakuna aliyemwambia anyamaze.