Mshale Kwenye Ramani ya Uwanja

Saa tano asubuhi ramani thelathini zilikuwa zimeshachapwa na kukunjwa, zimepangwa mezani kama mikate. Kilichobaki kwa mchoraji ni kusubiri saa nane. Ofisini walimwita Rula, kwa sababu hakuwahi kuchora mstari kwa kukisia, na kwa sababu, walisema, hata akicheka hucheka kwa kipimo.

Alikuwa ameizunguka modeli mara tatu. Ilikaa juu ya ubao mpana katikati ya chumba: uwanja wa mashindano ya magari na pikipiki, na pembeni yake bustani, kibanda cha chai, kiwanja cha mpira na bembea za watoto. Mitaa minne ilikuwa imeuomba uwanja huo kwa miaka sita, tangu vijana walipoanza kushindana barabarani na watu wakaanza kuzikwa. Leo saa nane wakazi wangekutana katika ukumbi wa shule, wanyooshe mikono, na mwenyekiti wa kamati atie saini. Kabla ya saa kumi ramani iwe imefika ofisi ya ardhi. Ikichelewa, eneo linakwenda kwa aliye nyuma yao kwenye foleni, mtu wa maghala ya saruji, ambaye tangu Jumatatu alikuwa akipita ofisini kusalimia bila sababu.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa mjomba wake, fundi wa gereji na mkuu wa klabu ya madereva, mikono imeoshwa vizuri lakini kucha zimegoma kutakata.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuona uwanja wangu kabla hawajauona wenye suti."

Akainama juu ya modeli, akatoa kizibo cha soda mfukoni, akakiweka penye mstari wa kuanzia. "Haya, bendera imeshuka!" Akakisukuma kwa kidole huku akinguruma kwa midomo kama injini iliyotoboka bomba.

Rula akatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka.

"Mjomba, unakwenda kinyume."

"Kinyume na nani?"

"Na mshale. Huu hapa. Mnaanzia hapa, mnakata kulia."

Mjomba aliutazama ule mshale mdogo kama mtu anayeonyeshwa mdudu. "Sisi hatukati kulia."

"Hamkati kulia vipi?"

"Hatukati tu. Gari la kwanza la klabu, lile la marehemu mwalimu wangu, usukani wake ulikuwa haukubali kulia. Ukiulazimisha, unagoma kama punda. Basi tukazunguka kushoto. Tulivyojifunza ndivyo tulivyofundisha. Hata springi tunafunga ngumu upande wa kulia ili gari lisilale. Mwaka wa ishirini na mbili huu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mbona hukuuliza? Wewe umewahi kuulizwa unatafuna kwa upande gani?"

Rula akavuta kiti, akakaa. Kazi hii alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu viwili vya kuazima, na vyote viwili vilichora magari yakikata kulia. Kwenye machimbo ya zamani, mahali klabu ilipofanyia mazoezi, alikwenda mara tano. Kila mara alikwenda Jumatatu, siku isiyo na magari, ili apime kwa utulivu. Alipima kila kitu isipokuwa watu.

Akaweka kidole kwenye bembea. Zilikuwa nje ya kona, mwanzo wa mstari mrefu ulionyooka. Kwa mshale wake, magari yangetoka hapo polepole, ndipo yaanze kukimbia. Kwa kizibo cha mjomba, mstari ule ule ungeishia hapo. Gari lingefika kwenye bembea likiwa na kasi yake yote, na breki zikikataa, mbele yake kungekuwa na uzio wa waya tu. Shimo la mchanga la kuyakamata magari yaliyoshindwa kusimama alilichora mwisho wa pili, kule ambako sasa hakuna gari ambalo lingefika na kasi.

Na bembea alikuwa ameziweka hapo kwa sababu bintiye wa miaka saba alimwomba: "Mama, ziwe karibu, nimwone Babu akipita." Babu ndiye huyu mjomba.

"Haziwezi kwenda kule kwenye mchanga?" mjomba aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nyuma ya mchanga ni mtaro wa maji ya mvua. Unammeza mtu mzima."

Akachukua ramani ya karatasi ang'avu, akaigeuza nyuma mbele, akaibandika kwenye kioo cha dirisha. Uwanja ukageuka, magari yakakata kushoto. Lakini lango nalo likahama, likafunguka kwenye mtaro ule ule. Akaibandua. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasorobo.

Alimwendea mhandisi, bosi wake, akamweleza yote bila kujitetea. Mhandisi alisikiliza akijikuna kidevu.

"Ipitishwe kwanza. Tutarekebisha baadaye."

"Bosi, ile zahanati. Mlango niliochora ukifungukia kwenye ngazi."

Mlango ule ulijengwa kama ulivyochorwa, kwa sababu ramani ikishagongwa muhuri hakuna fundi anayethubutu kuigusa. Hadi leo wagonjwa walikuwa wakiufungua kwa kupiga kelele kwanza, walio kwenye ngazi wasogee.

"Ukisimama pale ukasema umekosea," alisema mhandisi, "watu wataanza kubishana. Wakibishana, saa kumi itawapita. Yule wa saruji amekuja na faili lake kabisa. Fikiri vizuri, Rula. Mimi sikukatazi."

Afadhali angekatazwa. Chakula chake cha mchana alikila kwa macho tu. Kila alipoyafumba aliona uzio wa waya. Kila alipoyafumbua aliona saa.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mtu wa saruji alikaa safu ya mbele, miguu ameikunja, mpole kama bwana harusi. Mwenyekiti alifungua kikao, akasifu kila aliyestahili na wachache wasiostahili, kisha akamwita mchoraji. Rula alisimama.

"Kabla hamjanyoosha mikono," alisema, "kuna kosa. Ni langu."

Sauti yake ilikuwa ndogo, wa nyuma wakapaza sauti "Hatusikii!" na ikambidi alirudie kosa lake kwa nguvu. Akaeleza mshale, mstari mrefu, bembea. Kisha kelele zikaanza.

"Si wageuze tu waende kulia!"

"Na springi utafunga wewe?" mjomba alijibu. "Umwambie kijana akimbie na viatu alivyobadilisha miguu?"

"Basi bembea zitolewe!"

"Zitolewe?" mama mmoja aliinuka. "Miaka sita tunaomba, wanaume wapate kona, watoto wapate vumbi?"

Saa tisa na robo. Mtu wa saruji alitazama saa yake, akaifuta kwa kitambaa.

Rula aliifungua ramani kubwa mezani, akachukua kalamu nyekundu. "Pako mahali pamoja tu. Kilima hiki hapa. Kiko juu, kina kivuli, gari haliwezi kukipanda. Bembea ziende hapo, kwenye kona tujaze mchanga."

Mwenyekiti akainama kutazama. "Lakini hapo ni jukwaa la wageni rasmi."

Kila mtu alijua kwamba jukwaa lile mwenyekiti aliliomba mwenyewe, kwa barua, na kwamba viti vyake alishavichagulia rangi.

"Na sisi tukae wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Mtasimama na sisi kwenye waya, Mheshimiwa," alisema mjomba. "Mbona vumbi letu halibagui."

Mtu akacheka, kisha wengi. Mwenyekiti hakucheka. Aliutazama mchoro, akawatazama watoto waliojazana madirishani, akaitazama tena kona. Rula alihesabu pumzi zake mwenyewe. Ya kumi na tisa, mwenyekiti akawa wa kwanza kabisa kunyoosha mkono, na msitu wa mikono ukaota nyuma yake. Masahihisho ya wino mwekundu yalihitaji saini ya kila mjumbe wa kamati, nao walikuwa kumi na mmoja. Wa mwisho aliweka kalamu chini saa kumi kasorobo.

Nje mjomba alikuwa ameshawasha pikipiki. Rula akapanda, ramani ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Njia ya mkato," alimpigia kelele sikioni, "ina kona tatu za kulia!"

"Shika vizuri. Leo nitakata."

Walifika karani wa ofisi ya ardhi akishusha pazia la dirisha. Aliipokea ramani, akaunyanyua muhuri, akasita juu ya mistari myekundu.

"Mna uhakika na hii?"

Dakika nne zilibaki. Rula alifungua mdomo kusema ndiyo, akaufunga. Akamgeukia mjomba.

"Kizibo unacho?"

Mjomba akakitoa. Mbele ya karani aliyeduwaa, akakiweka penye mstari wa kuanzia, akakisukuma taratibu kushoto, kona kwa kona, mpaka mwisho wa mstari mrefu. Kikaingia kwenye mchanga wa wino mwekundu, kikakaa.

"Gonga," akasema Rula.