Pumba za Magugu

"Shikamoo, Mama Silau."

"Marahaba. Imejaa?"

"Bado nusu."

Mama Silau, jina lake Naitira, aliichomoa taa yake ya zizini kwenye chaja. "Basi. Gari la Simanjiro haliningoji."

Kila siku ya mnada ilikuwa hivyo. Taa iliondoka Babati na chaji nusu, ikazimika kabla ya alfajiri, na fisi akaingia zizini. Juzi alimchukua mbuzi mwenye mimba.

Anifa alibaki mlangoni mwa kibanda cha kwao cha kuchajia simu, mtaa wa Maisaka, akilitazama vumbi la gari. Alikuwa amesoma kemia. Alijua betri ya kawaida ukiilazimisha kujaa haraka unaiua. Silikoni hubeba umeme mwingi zaidi na inaweza kujaa upesi, ila hutanuka inapojaa, kisha hupasuka. Ilihitaji chembe ndogo zenye matundu, zipate nafasi ya kutanukia. Na silikoni imo kwenye pumba za mpunga, ambazo kule mji wa Magugu, kwenye mashine za kukoboa, zinatupwa tu.

Kuokoa muda, alizoa majivu ya pumba kwenye tanuri la matofali kule Singe, akayapeleka maabara ya chuo alichosoma. Betri aliyotengeneza na rafiki yake Hilary ilijaa haraka, kisha ikavimba kama andazi.

Hilary aliziangalia chembe kwa hadubini. "Zimeyeyuka zikashikana kama kioo. Moto wa kuivisha tofali umeziba matundu yote. Tuachane nayo?"

"Tuachane na tanuri," Anifa alisema. "Pumba hazina kosa."

Akaanza upya. Aliziosha pumba kwa asidi kuondoa chumvi inayoziyeyusha, akazichoma kwa moto mdogo, kisha akayapasha majivu yake pamoja na unga wa magnesi ili kuondoa oksijeni ibaki silikoni. Silikoni aliyoipata akaivika utando mwembamba wa sukari iliyoungua, uishikilie inapotanuka. Betri ya kwanza ikafa. Iliyofuata ikafa. Akapunguza moto tena. Hatimaye moja ikajaa upesi, mara kwa mara, bila kuvimba.

Mnada uliofuata aliiweka ndani ya taa ya Naitira. Dereva alikuwa bado anapakia magunia, taa ikaonyesha kijani.

"Umeifanyia uchawi?"

"Pumba za mpunga, mama."

"Pumba! Hizo si za punda?" Naitira alicheka, akakimbilia gari.

Siku ya mnada mwingine Anifa hakuweza kutulia. Alipomwona Naitira tu, akasahau hata kumwamkia. "Ilizimika saa ngapi?"

"Niliizima mwenyewe," Naitira alisema. "Jua lilikuwa limeshatoka. Haya, ijaze, na shikamoo yangu iko wapi?"